Kwa mnaoanza kukusanya majarida ya zamani hapa Lamu

Kama umependa majarida ya zamani yenye majalada ya kuchorwa, tayarisha mahali pa kuyaweka kabla hujanunua hata moja. Lamu hainusuru karatasi. Upepo wa bahari una chumvi, masika yakiingia nyumba nzima inashika unyevu, na kuta zetu za matumbawe huunyonya. Kidaka, yaani kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, kinapendeza, lakini majarida usiyaweke humo, hasa kikiwa kwenye ukuta wa nje. Tumia rafu iliyoachana na ukuta na kuinuliwa juu ya sakafu, maana mchwa nao hawalali. Jua lisifike hapo, kwani karatasi ya bei rahisi hugeuka manjano haraka.

Pini ndizo huanza kuharibika. Kutu hula karatasi iliyozizunguka, mwishowe jalada linachomoka zima. Kwa hiyo ukiletewa jarida, usiishie kwenye picha ya mbele. Lifungue katikati uangalie matundu: kila pini ina matundu yake mawili, na doa la kutu la jalada linafaa kukutana na la ukurasa ulio chini yake. Ukikuta matundu manne kwenye jalada na mawili tu ndani, huenda jalada limetoka nakala nyingine. Unaweza kulinunua bado, ila si kwa bei ya jarida kamili.

Selotepu usiiguse kabisa. Gundi yake hupenya ndani ya karatasi na kuacha doa lisilotoka. Na mfuko wa plastiki unaonuka ukiufungua, uache dukani.

Katika kuchagua, mimi humfuata mchoraji kuliko jina la jarida. Nasaka saini yake kwenye pembe ya picha. Wengi hukimbilia Norman Rockwell, aliyelichorea jarida la Marekani The Saturday Evening Post majalada zaidi ya 300 kuanzia 1916 hadi 1963. Ni kazi ya kuheshimika, lakini picha zake zimechapwa upya mara nyingi, na mgeni ni rahisi kuuziwa nakala ya juzi. Ningependa uanze na Joe, jarida la Nairobi lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likaendelea hadi mwisho wa miaka ya sabini. Hirst ndiye alikuwa mkono wake wa kuchora, na Joe mwenyewe ni mwananchi wa kawaida anayehangaika na maisha ya mjini. Historia yetu imo mle, na ni wachache mno wanaoitunza.

Ukiagiza kutoka bara, mwambie mtumaji afunge mzigo kwa nailoni mara mbili, kwani boti ya Mokowe hurusha maji. Majarida yakilowa, usingoje yakauke yenyewe: kurasa zinazong'aa zikikauka zimegusana hushikana moja kwa moja. Ingiza karatasi nyeupe isiyochapwa kati ya kurasa, washa feni, na uibadilishe kila inapolowa.