Picha ya nyeusi na nyeupe iliyogeuka kijani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina studio ndogo hapa Tanga, ambapo huchapa picha za pasipoti na za harusi kwa printa ya matangi sita inayotumia wino wa kuyeyuka, yaani ule ambao rangi yake imeyeyushwa ndani ya kimiminika. Mteja aliniletea picha ya marehemu babu yake, akaomba niichape upya kwa ukubwa, nyeusi na nyeupe. Usiku, chini ya taa za studio, ilionekana safi kabisa, lakini asubuhi alipoitoa nje, mashavu na kanzu ya mzee vilikuwa na ukijani. Je, nitoe wino huu niweke wa pigmenti?
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usifanye hivyo. Pigmenti ni chembe zinazoelea katika kimiminika, nazo zikikutana na mabaki ya wino wa kuyeyuka huweza kugandamana na kuziba matundu ya kichwa cha printa, na kichwa hicho bei yake unaijua. Isitoshe, kwenye karatasi ya kung'aa wino ulio nao ndio unaotoa weusi mzito na uso laini, kwa kuwa huzama ndani ya karatasi badala ya kukaa juu yake.

Chukua lenzi ya kukuzia uitazame ile kanzu. Utaona vitone vya samawati hafifu, waridi na njano, na huenda usione hata kimoja cheusi. Printa yako ina nyeusi moja tu, kwa hiyo kijivu chepesi hukipata kwa kuchanganya rangi, na mchanganyiko uliosawazika chini ya taa ya studio huweza kuelemea upande mmoja juani, kwa sababu mianga hiyo miwili haikuundwa sawa.

Kwanza chapa ukurasa wa kukagua matundu, maana matundu ya majenta, yaani waridi iliyokolea, yakiziba, kijani hujitokeza bila kukaribishwa. Kisha iache picha ikauke siku nzima kabla ya kuihukumu, tena mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Ukilazimisha nyeusi peke yake itumike, ukijani utaondoka, ila vitone vitaonekana usoni. Kwa picha kubwa ya ukutani hilo linavumilika, kwa ya mkononi halivumiliki. Mimi ningeitia picha ya mzee ukahawia kidogo kwa makusudi, kwa kuwa jicho husamehe ukahawia kuliko ukijani. Kazi hizi zikiongezeka, tafuta printa yenye wino wa kijivu: Canon PRO-200, kwa mfano, ina wino nane za kuyeyuka, mbili kati yake zikiwa kijivu na kijivu hafifu.

Kuna jambo moja ambalo mteja anapaswa kuambiwa kabla hajalipa. Wino wa kuyeyuka hufifishwa na mwanga pamoja na gesi ya ozoni iliyomo hewani, hasa kwenye karatasi zinazokauka upesi, ambazo uso wake una vitundu vidogo mno. Rangi hazififii kwa kasi moja, hivyo kijivu kilichokuwa safi huweza kubadilika baada ya muda. Itie picha kwenye fremu ya kioo, ukiacha nafasi kidogo ili isigusane na kioo, isitundikwe mkabala na dirisha, na faili lake ulihifadhi, kwani huenda akarudi kuomba nakala nyingine.