Muulize Fundi: Nyumba ya mbao ya babu

Shikamoo fundi. Babu alituachia nyumba ndogo ya mbao huku Lushoto. Imekaa miaka mingi bila mtu, imeinama upande wa mlimani, na mbao za chini upande huo zinamumunyika. Fundi mmoja kaniambia nibomoe nijenge ya tofali, mwingine anasema niipake oili chafu tu. Nimsikilize nani?
Mjukuu, Lushoto

Marahaba, mwanangu. Hakuna hata mmoja, hasa huyo wa oili chafu. Oili haizami vya kutosha ndani ya mbao, inanuka, na siku utakayotaka kupaka rangi haitashika.

Chukua bisibisi uzunguke nyumba nzima ukichomachoma mbao za chini. Inapozama kama kwenye ndizi mbivu, weka alama ya chaki. Ikigoma, mbao hiyo ni nzima, hata iwe nyeusi vipi. Kama babu alitumia mbao za mkulo, mti wa misitu ya huko kwenu, una bahati, maana mkulo hauozi kirahisi. Ubovu wako nadhani umeletwa na udongo ulioporomoka kutoka mlimani ukaegemea ukuta. Uondoe mpaka mbao ya chini iwe juu ya ardhi kama futi moja, kisha chimba mtaro wa kupitisha maji pembeni. Ukiona vijia vya udongo vya mchwa kwenye msingi, vibomoe na utafute wanakotokea.

Halafu paa, kabla hujagusa ukuta. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi. Bati likivuja, kazi yote ya chini ni bure.

Kunyoosha ni kazi ya jeki na subira. Toa kwanza vioo vya madirisha. Kalisha jeki juu ya ubao mnene, inua kidogo leo, kidogo kesho, ukisikiliza misumari. Nyumba ikisimama wima, chomoa mbao iliyooza, weka ya dawa, ile ya kijani, na kati yake na mawe ya msingi tandika nailoni nzito. Usiizungushie zege, litashika maji na kuiozesha upya. Vipande vinavyobaki visiende jikoni: dawa ile mara nyingi ina arseniki, moshi wake ni sumu.

Rangi ni mwisho kabisa, mbao zikishakauka.

Na hiyo tofali? Piga hesabu ya kupandisha saruji na mchanga huko mlimani, halafu ulinganishe na mbao chache na jeki ya kuazima.