Usifunge mkanda juu ya koti, hata kama ni dakika saba

Dada, usimfunge huyo mtoto kwenye kiti chake cha gari na koti lake. Umeandika kwamba mmehamia Minneapolis, jimboni Minnesota, Marekani, tangu Agosti, una mtoto wa miaka miwili na nusu na wa miezi mitano, kituo cha kulelea watoto kiko dakika saba kwa gari, na unauliza kama wavae makoti ya baridi kwa safari fupi hivyo, na koti la aina gani linafaa. Ukamalizia kwamba jirani amekwambia: "Wavalishe kila kitu, wafunge, twende, si mbali." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nikayafuata msimu mzima wa baridi, na mpaka leo nikikumbuka tumbo linanikata.

Wavae makoti kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Wakifika kwenye kiti, koti linavuliwa. Mkanda unalala juu ya nguo nyembamba, unaukaza, halafu ndipo unarudisha joto juu ya mkanda. Kitu kinene hakikai kati ya mwili wa mtoto na mkanda. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, hilo usilisahau.

Kazi ya koti la baridi ni kushika hewa. Kinachomkinga mtoto ni ile hewa iliyotulia katikati ya pamba au manyoya, ndiyo maana koti zuri limetuna. Sasa unapofunga mkanda juu yake unavuta mpaka mkono unagoma, na mkono unakwambia umekaza. Umekaza koti. Mtoto yuko ndani huko, na kati ya mifupa yake na mkanda kuna hewa ambayo nguvu za mkono wako haziwezi kuitoa yote. Gari likigonga, mwili wa mtoto unaitoa kwa kufumba na kufumbua, na urefu wote wa mkanda uliokuwa umezunguka koti unabaki kuwa ulegevu.

Piga hesabu ya barabara za mtaani tu, achana na barabara kuu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likijigonga likasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 12 anasukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 170 hivi, yaani mara 14 ya uzito wake. Na hapo mkanda umemkamata tangu mwanzo, anapunguza mwendo pamoja na kiti. Ukiwa umelegea, kiti kinaanza kusimama, yeye bado anakwenda mpaka ulegevu uishe, halafu anakamatwa kwa mshtuko mkubwa kuliko huo. Kichwa kinafika mbali zaidi, karibu na mgongo wa kiti cha mbele. Mkanda wa begani unaweza kuteleza ukatoka kabisa, na mabega yakishatoka hakuna kinachomzuia sehemu ya juu ya mwili. Huyo mdogo anayeangalia nyuma naye hasalimiki: anapanda juu kuelekea ukingo wa ganda la kiti, na kichwa kikipita ukingo huo, ganda halikilindi tena.

Usiniamini mimi. Jaribu mwenyewe, ndani ya nyumba, kiti kikiwa sakafuni au palepale kwenye gari. Mvalishe mkubwa koti lake, funga zipu, mkalishe, funga kifungo cha katikati ya mapaja na klipu ya kifuani, vuta utepe wa kukazia ulio mbele ya kiti kama unavyouvuta kila asubuhi. Usiuguse tena huo utepe. Bonyeza kitufe chekundu, mtoe, mvue koti, mrudishe kwenye kiti na nguo zake za nyumbani, funga tena bila kukaza. Sasa weka kidole gumba na cha shahada kwenye mkanda, juu ya mtulinga, na ujaribu kuufinya kutoka juu kwenda chini ili upate mkunjo. Mkanda uliokazwa sawasawa vidole vinateleza, mkunjo hupati. Mimi sikupata mkunjo, nilipata nafasi: ngumi yangu nzima iliingia kati ya mkanda na kifua, ikatoka bila kugusa popote. Ule ndio mkanda niliokuwa nauvuta kila asubuhi huku nikisema "haya, tumeshafunga vizuri."

Kuna makoti membamba na masweta ya flisi, kile kitambaa laini chepesi cha joto, yanayopita jaribio hilo, vidole vinateleza kabla na baada. Hayo mtoto anaweza kukaa nayo. Ovaroli la theluji, lile la kipande kimoja kuanzia shingoni hadi miguuni, halipiti, tena ni baya kuliko koti kwa sababu limetuna hata chini ya makalio na kati ya mapaja, kwa hiyo mkanda wa nyonga nao unakaa juu ya hewa.

Halafu kuna kosa linalozaliwa na hilo la kwanza, ambalo watu wengi hawalioni. Siku ya baridi kali unalegeza mikanda ili koti litoshe. Kesho yake jua limetoka, baba ndiye anawapeleka, mtoto kavaa sweta tu. Baba anafunga kifungo, kinalia "ka," anaondoka. Mikanda bado imekaa kwa kipimo cha koti. Mlio wa kifungo haukwambii lolote kuhusu kukaza. Kila safari, kila anayefunga, afinye mtulingani. Na mtoto akifungwa na nguo nyembamba siku zote, kipimo cha mikanda hakibadilikibadiliki, makosa ya namna hii yanapungua yenyewe.

Nina hasira na watu wawili hapa. Wa kwanza ni yule "mwenye uzoefu" anayesema watoto wake wanne wamekua na makoti ndani ya gari na hawakupata neno. Hawakupata neno kwa sababu hawakugongwa. Mkanda ulegee usilegee, siku ambazo hujagongwa zote zinafanana, na hapo ndipo uzoefu unapodanganya. Huwezi kujifunza kukaza mkanda kwa kuangalia siku ambazo hazikuuhitaji. Na hilo la "si mbali" ndilo linaloniudhi zaidi. Dakika saba za Minneapolis mwezi wa Januari ni makutano mangapi? Ni taa ngapi ambapo gari la nyuma yako linakanyaga breki na matairi yanateleza juu ya barafu nyembamba ambayo dereva hakuiona? Mwendo wa mtaani ni ule ule wa kilomita 50 kwa saa, uwe unakwenda kituoni au unaanza safari ya mbali.

Wa pili ni muuzaji wa dukani. Aliniuzia mfuko wa joto wa mtoto mchanga, ule wenye pamba mgongoni na matundu ya kupitishia mikanda, akanihakikishia kwamba unafaa kwa kiti chochote. Dada, kama umeshaununua kwa ajili ya huyo wa miezi mitano, toa ile sehemu ya mgongoni au rudisha. Kinachowekwa nyuma ya mgongo wa mtoto kinabanwa na kulegeza mkanda sawasawa na koti, na mtoto anakuwa amekaa mbele ya pale mtengenezaji alipotaka akae. Fungua kitabu cha maelekezo ya kiti chako, utakuta kinakataza kuongeza mto, godoro au kitambaa ambacho hakikuja na kiti. Kiti kilijaribiwa bila huo mfuko. Vifuniko vinavyofaa kwa mchanga ni vile vinavyovishwa juu ya kiti kwa nje kama kofia ya kuogea, vina mpira pembeni, na chini ya mtoto hakuna kitu. Uso ubaki wazi. Khanga uliyozoea kumfunikia nyumbani usiitandaze ikaziba kiti chote hewa ikakosa pa kupita.

Najua kinachokusumbua, na mama yako kwenye simu anakisema kila Jumapili: mtoto atashikwa na nimonia. Mheshimu mama, lakini mweleze. Nimonia inaletwa na vijidudu, haiji kwa kukaa dakika mbili bila koti ndani ya gari. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri si ya kuchezea, vidole na masikio huganda kweli, ila hiyo ni ya nje. Ndani ya gari hakuna upepo, na hita inapata moto kadiri mnavyokwenda.

Sasa namna ya kuwaweka na joto. Ndani kabisa nguo ya mikono mirefu inayobana mwili, na taiti miguuni. Juu yake sweta la flisi jembamba na suruali ya kawaida. Soksi mbili, kofia nyembamba inayoziba masikio, glovu. Joto la mtoto mdogo linapotea sana kichwani, miguuni na mikononi kuliko unavyodhani, na sehemu hizo zote ziko nje ya mikanda, kwa hiyo hapo vaa unavyotaka. Kofia tu isiwe na fundo kubwa nyuma likasukuma kichwa mbele.

Koti avae juu ya hayo, zipu wazi, mkimbie hadi kwenye gari. Vua, kalisha, funga. Klipu ya kifuani ikae usawa wa makwapa, isiwe tumboni. Kaza, finya mtulingani. Sasa chukua lile koti, ligeuze mbele nyuma, mpitishie mikono kwenye mikono ya koti, mgongo wa koti uwe kifuani pake. Mkanda uko chini, koti juu, na mtoto ana joto lile lile. Mkubwa wako atalalamika siku tatu, ya nne ataanza kunyoosha mikono mwenyewe. Mdogo mwekee blanketi kuanzia kifuani kushuka, ulichomeke pembeni. Gari likishapata joto, ondoa au punguza. Mtoto mchanga hawezi kukwambia amepata joto kupita kiasi. Pitisha mkono nyuma ya shingo: ukikuta jasho, kuna nguo imezidi.

Kiti cha mchanga kama ni kile kinachochomoka, usikiache kwenye gari usiku. Kiingize ndani. Ganda la plastiki na vyuma vya kifungo vilivyolala nje vinakuwa baridi kiasi cha kumfanya apige kelele ukimgusisha, na mikanda inakuwa migumu kukaza. Mfunge kabisa sebuleni, bila haraka, kwenye mwanga, halafu mtoke naye amefunikwa. Hiyo peke yake inaondoa nusu ya kishawishi cha kumvika ovaroli.

Gari liwashe dakika chache kabla, lakini lisiwe ndani ya gereji, hata mlango wa gereji ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua. Theluji ikiwa imeanguka usiku, zunguka nyuma kwanza, fukua bomba la ekzosi kabla hujawasha, maana bomba likizibwa moshi unarudi ndani ya gari.

Makoti yenyewe na blanketi la ziada yawe ndani ya gari wakati wote. Gari likizima njiani au mkikwama kwenye theluji, hapo ndipo koti linapohitajika, na mtoto analivaa gari likiwa limesimama.

Ukiwa na mpwa wa miaka minane anayekaa kwenye kiti cha kuinua na kutumia mkanda wa gari wenyewe, sheria ni ile ile. Afungue zipu, afunue koti pande zote mbili, mkanda upite chini ya koti, wa nyonga ukae chini kabisa juu ya mapaja usipande tumboni. Koti nene linausukuma mkanda hadi kwenye tumbo laini. Na wewe mwenyewe dereva fanya hivyo hivyo.

Huyo wa miaka miwili na nusu, kama bado hajafikia kikomo cha urefu na uzito kilichoandikwa pembeni mwa kiti, mwache aendelee kuangalia nyuma. Minnesota tangu Agosti 2024 inataka hivyo angalau mpaka atimize miaka miwili, lakini kikomo cha kiti chako kinaweza kuwa mbele ya hapo. Akiangalia nyuma, mikanda ya begani itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Siku utakayomgeuza aangalie mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Wapo mafundi waliofunzwa kukagua viti vya watoto, mara nyingi bila malipo. Ulizia kituoni hapo watoto wanaposhinda, nenda na kiti, nenda na mtoto, na hilo koti ulibebe uwaonyeshe.

Fanya lile jaribio leo jioni wakishakula, kabla ya asubuhi ya kesho ya haraka haraka. Huyo jirani mwite aje aone, aweke mkono wake mwenyewe kati ya mkanda na kifua. Halafu rudi hapa utuandikie ni vidole vingapi vilivyopita.