Hackett mwenyewe, au Genesis kwa mlango wa nyuma?

Mkuu, umeuliza kama Voyage of the Acolyte ni albamu ya Steve Hackett kweli, aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi ya rock ya Kiingereza Genesis, au ni Genesis waliobadili jina tu, maana wenzake wa bendi, Phil Collins (ngoma) na Mike Rutherford (besi), wote wamo. Swali la haki. Mwaka 1975, mwimbaji mkuu Peter Gabriel akiwa anaondoka Genesis, Hackett aliingia studio na nyimbo zake akawaita hao wawili. Ila tega sikio: mdogo wake John anapuliza filimbi, Percy Jones na John Gustafson, wasio wa Genesis, wanashika besi wimbo mmoja mmoja, na wazo zima la kujenga albamu juu ya karata za taroti, zile za kupigia ramli, ni la Hackett.

Anza na Shadow of the Hierophant, dakika 11 na ushee. Sally Oldfield anaimba mwanzoni, kisha ananyamaza na melodi moja inajirudia, inapanda polepole mpaka ngoma za Collins zinafumuka. Hapo mimi huongeza sauti, majirani wanisamehe. Star of Sirius anaimba Collins, miezi michache tu kabla hajasikika kama mwimbaji mkuu wa Genesis kwenye A Trick of the Tail ya 1976.