Maswali ya Wasomaji: Filamu Bubu za Vita

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimetazama filamu ya Kiingereza ya mwaka 1916 kuhusu mapigano ya Somme, nchini Ufaransa, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeambiwa kwamba sehemu yake maarufu, ile ya askari kutoka handakini na wengine kuanguka, iliigizwa. Ikiwa ndivyo, kwa nini wakusanyaji wanazithamini filamu kama hizo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, uliyoambiwa ni kweli, lakini kwa sehemu hiyo fupi. Watafiti wanakubaliana kwamba iliigizwa kwenye uwanja wa mazoezi, nyuma ya mstari wa mbele, na dalili zake zinaonekana: askari hawakubeba mizigo yao ya vita, na kamera, ambayo wakati huo iliwekwa juu ya miguu mitatu na kuzungushwa kwa mkono, imesimama mahali ambapo adui angemwona mpiga picha mara moja. Sehemu kubwa iliyobaki ni ya kweli. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916 Geoffrey Malins, mmoja wa wapiga picha wa filamu hiyo, alipiga picha baruti iliyofukiwa chini ya kilima cha Hawthorn ikilipuka, na aliwapiga picha pia askari wa Lancashire, Uingereza, wakisubiri amri ya kushambulia, baadhi yao wakiitazama kamera. Kwangu mimi, nyuso hizo zina uzito kuliko shambulio lolote la kuigiza.

Kinachowavuta wakusanyaji zaidi ni utepe wenyewe. Nakala mbili za filamu moja bubu mara nyingi hazifanani: moja ina maandishi ambayo nyingine imekatwa, moja imetiwa buluu kuonyesha usiku au nyekundu kuonyesha moto, na nyingine haina rangi kabisa. Filamu nyingi za enzi hiyo zimepotea. Kwa zile ndefu za Marekani, ni takriban asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la awali. Ndiyo maana kipande cha dakika chache kinaweza kurejesha tukio lililodhaniwa limetoweka.

Ukitaka kukusanya, anza na nakala zenye utepe wa upana wa milimita 9.5, ambazo kampuni ya Pathé ilianza kuuza mwaka 1922 kwa maonyesho ya nyumbani, kwa kuwa hazishiki moto kwa urahisi. Utepe wa milimita 35 wa enzi hiyo kwa kawaida ni wa nitrati, aina ya plastiki ya zamani ambayo huendelea kuwaka hata ndani ya maji, na huoza hadi kuwa unga wa kahawia. Ukiupata, usiupitishe kwenye projekta wala kuuweka nyumbani, bali uukabidhi kwa taasisi inayohifadhi filamu, kisha uombe nakala yake.