Mlima Hauingii Wote Kwenye Simu

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia juzi: “Kaka, Kilimanjaro nauona kila asubuhi, lakini nikiuchora kutoka picha ya simu unakuwa kichuguu. Nakosea wapi?”

Dada yangu, mkono wako hauna kosa. Mlima una mita 5,895 na Moshi mjini hapafiki mita 1,000, kwa hiyo unatazama karibu mita 5,000 za mwinuko. Lenzi ya simu imetengenezwa kuchukua eneo pana, na katika eneo pana kilicho mbali husinyaa. Jicho hufanya kinyume. Likishaupenda mlima, nguzo za umeme na migomba ya jirani halizioni tena. Basi piga mapema kabla mawingu hayajafunika, vuta mara mbili au tatu, na ukifika kwenye kanvasi uinue mlima bila woga. Una haki hiyo, wewe ndiye uliyeuona.

Mimi nimekulia Morogoro, chini ya Uluguru, na picha za simu ndizo zilizonilea katika kazi hii. Nina familia na kibarua, siwezi kukaa Mgeta, kule juu milimani, wiki nzima na rangi za mafuta huku mvua ikininyeshea. Napanda, napiga picha, narudi kuchora usiku. Mwenye nyumba moja ya maonyesho jijini Dar es Salaam aliwahi kuniambia mbele ya wasanii wenzangu kwamba anayechora kutoka picha ni mnakili, si msanii. Maneno yale bado yananiuma. Monet, mchoraji maarufu wa Ufaransa, alianza michoro yake ya mto Thames akiwa London kati ya 1899 na 1901, akaimalizia nyumbani kwake Giverny, Ufaransa, na Paris wakaiona mwaka 1904. Nani anamwita mnakili kwa sababu alimalizia mbali na mto?

Mwezi uliopita nimeuza mchoro wangu wa matuta ya mboga ya Mgeta. Aliyenunua ni mama aliyezaliwa kule, anaishi Dar siku hizi. Alisimama mbele yake kimya, kisha akauliza, “Mwanangu, hapa si njia ya kwenda kijiji cha Bunduki? Na mvua ilikuwa imetoka kunyesha.” Ilikuwa kweli! Ila kwenye simu mvua ile haionekani. Picha ina kijani kimoja kutoka juu hadi chini na anga jeupe kabisa. Mvua niliiandika kwenye daftari: udongo mwekundu uliokoza, ukungu unapanda kutoka bondeni, vilima vya mbali vinaonekana karibu kwa sababu hewa imeoshwa vumbi na moshi.

Daftari hilo ndilo ushauri wangu wote. Picha ikupe umbo. Rangi ziandike ukiwa umesimama palepale. Andika kilima cha tatu kina ubluu kiasi gani kuliko cha kwanza, maana hewa iliyo katikati hukipausha na kukitia bluu, na simu mara nyingi hulichanganya hilo. Kivuli usikiamini kabisa. Simu hukifanya cheusi, wakati bondeni kina bluu, kijani, hata zambarau. Piga picha mbili, moja ukigusa anga kwenye kioo na nyingine ukigusa miti, kisha uchore ukizitazama zote mbili. Mchoro ukifika nusu, zima simu, ubaki na daftari.

Vijana wengi mnanitumia michoro ya maziwa na theluji za nchi ambazo hamjakanyaga, mmezitoa mtandaoni. Acheni. Hamjui upepo wa pale unatoka wapi, na mtazamaji anaona kwamba hamjui. Kama nauli ya kwenda Lushoto au Mgeta haipo, chora kilima kilicho nyuma ya nyumba yenu, asubuhi na jioni, mpaka jirani akitambue bila kuambiwa.