Karatasi ya langoni ilienda wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Nyalenda, Kisumu. Kiwanda jirani kilikuwa kikimwaga maji meusi mto Auji. Maafisa wa NEMA, mamlaka ya mazingira, wakaja, wakabandika agizo langoni, kazi ikasimama. Wiki tatu baadaye mashine zinanguruma tena. Nimepekua tovuti ya Kenya Law usiku kucha, sioni uamuzi wowote. Umefichwa? – Baba Atieno

JIBU: Marahaba, Baba Atieno. Haujafichwa, ila unautafuta pasipo pake. Kenya Law huchapisha hukumu za mahakama na za jopo la rufaa za mazingira, NET. Ulichokiona langoni ni agizo la mkaguzi. Halikupita kwa jaji yeyote, kwa hiyo liko ndani ya faili ofisini kwa NEMA. Liombe kwa barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu, na hulazimiki kueleza unalitakia nini. Omba pia, tena hasa, barua iliyoliondoa agizo hilo. Watu husahau hiyo ya pili.

Kama kiwanda kilikata rufaa NET, hapo Kenya Law itakufaa. Lakini usitafute kwa jina lililo kwenye kibao. Nilikuwa karani wa masjala miaka mingi, na siku moja nilihangaika tangu asubuhi kutafuta kesi ya "kiwanda cha maziwa" kumbe kampuni imesajiliwa kwa jina la mwenyewe na wanawe. Niliipata kwa nambari ya shamba: Kisumu/Kogony, alama ya mkwaju (/), kisha tarakimu. Majina hubadilika, ploti haihami.

Ukishaonja utafutaji huo, soma kesi ya Kibos Distillers ya 2020, iliyoanzia hapa hapa kwetu. Mahakama ya Juu ilisema Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipaswa kungoja kwanza NET na kamati ya malalamiko ya mazingira zimalize yaliyo yao. Usiishie hapo lakini! Desemba 2023 mahakama hiyohiyo ilisema kuwepo kwa njia hizo hakumfungii mlango anayedai haki yake ya kikatiba. Nimewaona mawakili wakinukuu ya kwanza tu.

Barua yako ichape nakala mbili. Moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, wino uonekane tarehe. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.